Siku 21 za Likizo ni za Nani?

Katika semina za ndoa tunazofanya parokiani, swali la pesa huja la kwanza na swali la wakwe huja la pili. Swali la likizo halina kelele. Huja mwishoni, wakati watu wameanza kutafuta mikoba yao, na mara nyingi huletwa na mama aliyeketi nyuma. Husema kwamba mume wake alikuja nyumbani likizo, akakaa karibu mwezi mzima, lakini yeye hakumwona. Watu hucheka. Waume ndio hucheka zaidi, kwa sababu wanajua ni nini kinachosemwa.

Leo nataka tulitazame swali hilo tukiwa tumeketi. Mtu aliyeajiriwa ana siku chache kwa mwaka ambazo mwajiri hana amri juu yake. Siku hizo ni za nani? Ni zake mwenyewe kwa kuwa yeye ndiye aliyezitolea jasho? Ni za wazazi waliomlea? Au ni za nyumba yake? Nionavyo mimi, mtu ambaye hajajibu swali hili hata angepewa siku 100 zingemponyoka vile vile.

Kwanza tujue tunazungumza juu ya nini. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 28, yasema kwamba mfanyakazi aliyetimiza miezi 12 mfululizo anastahili likizo isiyopungua siku 21 za kazi, kwa mshahara kamili. Shika vizuri maneno hayo, siku za kazi. Siku ya mapumziko ya juma haihesabiwi. Anayefanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, siku 21 humpa majuma manne na siku moja. Anayefanya kazi hadi Jumamosi hupata majuma matatu na nusu. Mwajiri na mfanyakazi wakikubaliana, siku hizo zaweza kugawanywa, lakini sehemu moja yapasa iwe angalau majuma mawili ya kazi bila kukatizwa, isipokuwa kama kuna mapatano mengine kazini. Zinazobaki zichukuliwe kabla ya miezi 18 kupita tangu mwaka ule wa kazi ulipokwisha. Nimeandika haya kwa kirefu kwa sababu wako waume, na wake pia, wasiojua idadi ya siku zao. Tena wako wanaoijua sana, lakini wakifika nyumbani husema wamepewa kumi. Hao wanajijua.

Sasa tuchukue mtu wa mfano. Anafanya kazi kiwandani Nairobi, siku sita kwa juma. Mke na watoto wako mashambani, upande wa Kakamega. Likizo yake ni majuma matatu na nusu, na amechagua Desemba kama watu wote. Siku ya kwanza inaishia kwenye basi, tena kwa nauli ya Desemba ambayo sote twaijua. Siku ya pili analala. Siku ya tatu kuna matanga kwa jirani, na hawezi kukosa. Juma la pili ni mahari ya dada yake, halafu mabati ya nyumba ya mama ambayo yamevuja tangu Aprili. Kuna mpaka wa shamba unaobishaniwa, kuna harambee ya karo ya mtoto wa binamu, kuna baraza la chifu. Jioni anakwenda sokoni kuonana na watu wa rika lake, na akirudi watoto wamelala. Kabla hajakaa sawasawa, anaulizia tikiti ya kurudi.

Simlaumu kwa hata moja kati ya hayo. Kuzika jirani ni wema. Kuezeka nyumba ya mama ni wema. Laiti angekuwa mlevi au mtembezi, swali letu lingekuwa rahisi na tungemkemea tukaenda zetu. Ugumu uko hapa: kila aliyekuja kuzidai siku zake alikuja na haki mkononi, na siku hazikutosha, na aliyekosa kabisa ni yule ambaye hakudai. Naye ni mke.

Tena tazama alichokuwa anafanya mke siku hizo zote. Mume amekuja, basi wageni wanakuja kumwona mume. Chai ya wageni inapikwa na nani? Kuku wa wageni anachinjwa na mtoto, lakini anapikwa na nani? Wakwe wamekuja kulala, mashuka yanafuliwa na nani? Mwezi wa likizo ya mume ndio mwezi wa kazi nyingi kuliko yote kwa mke. Akiondoka, mama wa watu anaketi kwenye kigoda na kupumua. Kama mke wako hupumua ukiondoka, ndugu yangu, usijiulize kama hakupendi. Hesabu masufuria.

Hapo waume huniambia: Katekista, mimi nimesimama kwenye mashine miezi 11, zamu ya usiku na zamu ya mchana. Hata hizi siku chache nazo nipangiwe na mke? Hoja hii si ya kudharauliwa. Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alihesabu mapumziko miongoni mwa haki za mfanyakazi, siku ya Jumapili na pia likizo ya kila mwaka. Mwili uliochoka una madai yake. Kwa hiyo akitaka kulala hadi saa tatu asubuhi siku mbili tatu za kwanza, mwache alale, na wewe mke usianze kusogeza viti kwa kishindo.

Lakini rudi kwenye maneno ya sheria: kwa mshahara kamili. Sote tumekubali kwamba mshahara wa mtu aliyeoa si wa mfuko wake peke yake. Mume anayekula mshahara peke yake tunalo jina la kumwita. Sasa mwajiri anapomlipa mtu kwa siku ambayo hakufanya kazi, amempa vitu viwili, amempa pesa na amempa siku yenyewe. Ni kwa sababu gani pesa ziwe za nyumba nzima, na siku iwe ya mmoja? Mimi nimeitafuta sababu hiyo na sijaiona.

Na tena, aliwezaje kusimama kwenye mashine miezi 11? Aliweza kwa sababu upande wa pili ulikuwa na mtu. Mtoto alipopata malaria usiku wa manane hakuitwa yeye. Ng'ombe alipozaa, mwalimu alipoita wazazi, mama mkwe alipopelekwa kliniki ya presha, hakuitwa yeye. Upande ule ungeachwa wazi juma moja tu, angekuwa ameomba ruhusa mwezi wa Machi na siku zingekwisha kabla ya Pasaka. Siku 21 zilichumwa na watu wawili, ingawa fomu ina nafasi ya sahihi ya mfanyakazi mmoja.

Katika amri ya Sabato, kama ilivyo katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati sura ya 5, wametajwa mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda, hata mgeni, kwamba wote wapumzike. Mke hatajwi. Mzee mmoja aliwahi kuniuliza kwa mzaha kama basi mke aendelee na kazi siku hiyo. Nilimjibu kwamba neno la kwanza pale, wewe, limewabeba wote wawili. Mume na mke ni mwili mmoja, na haiwezekani nusu ya mwili ilale kivulini huku nusu nyingine inapukuchua mahindi. Katika kitabu hicho hicho, sura ya 24 mstari wa 5, iko likizo ambayo wengi huipita bila kuiona. Mtu aliyeoa karibuni aachwe huru nyumbani kwa mwaka mmoja, asipelekwe vitani wala kupewa shughuli. Na sababu inayotolewa pale si uchovu wake, wala si kujenga nyumba. Ni ili amfurahishe mke wake. Siwaombi waajiri watoe mwaka mzima, watanicheka. Lakini naona kwamba likizo iliwahi kutolewa kwa ajili ya mtu ambaye hakuandikwa kwenye jeshi.

Liko jambo gumu zaidi, nalo ni kuuza likizo. Mwajiri asema kazi ni nyingi, baki, nitakulipa siku zako. Januari inakaribia na karo yake. Mtu anakubali. Je, ni kosa? Mimi siwezi kusema ni kosa kila mara. Mtoto akirudishwa nyumbani kwa kukosa karo, baba aliyejinyoosha chini ya mwembe hamsaidii kitu. Ziko nyumba ambazo pesa hizo ndizo zilizomvusha mtoto, na mke na mume waliketi wakaamua pamoja kwa uchungu. Nyumba hiyo siwezi kuihukumu.

Ninachouliza ni maswali mawili. La kwanza, nani aliamua? Mume akiuza ng'ombe wa boma bila kumwuliza mke, boma zima litajua kabla ya jua kutua. Akiuza siku zote 21, humpigia mke simu na kusema hakupata ruhusa. Hapo ameuza na kudanganya juu ya mauzo. Mke atakapoujua ukweli, na ataujua kwa sababu mke wa mwenzake wa kazini yumo katika jumuiya ndogo moja na yeye, hatauliza pesa zilikwenda wapi. Atauliza kwa nini hakutaka kuja. La pili, ni mwaka wa ngapi sasa? Kuuza mara moja ni dharura. Mwaka wa tatu mfululizo, yule mtoto aliyekuwa anatambaa sasa anajificha nyuma ya mama yake mtu huyu anapoingia mlangoni. Kama hamna budi kuuza, uzeni siku chache, yale majuma mawili yasiyokatizwa msiyaguse. Na wewe mke, usiwe wewe unayemsukuma auze kwa sababu jirani amenunua viti vipya. Wako wanaofanya hivyo, halafu hulalamika semina.

Sasa nyinyi ambao wote wawili mmeajiriwa. Shida yenu ni ya namna nyingine, kwa kuwa mna likizo mbili, na mara nyingi hazionani. Mwalimu yuko huru shule zikifungwa, Aprili, Agosti, kisha Novemba na Desemba. Muuguzi hufuata orodha ya zamu. Askari wa kampuni hupewa likizo wakati ambao wengine hawazitaki. Mkichukua siku pamoja, mtakuwa pamoja, lakini shule zikifungwa tena watoto watabaki bila mtu. Mkizichukua kwa zamu, watoto watakuwa na mzazi mmoja likizo zote, lakini nyinyi wawili mtapishana kama madereva wa matatu moja. Ushauri wangu ni huu: majuma mawili yawe ya pamoja, mengine myagawane. Na myapange mwezi wa Januari, kalenda ikiwa mezani, kwa sababu ofisini anayeomba mapema ndiye husikilizwa.

Mkiwa na kalenda hiyo, tazameni sikukuu. Chukua Juma Takatifu. Mtu wa Jumatatu hadi Ijumaa akiomba siku nne tu, Jumatatu hadi Alhamisi Kuu, Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka zitamwongezea, naye atakaa nyumbani siku kumi, kuanzia Jumamosi ya kabla ya Matawi. Vivyo hivyo na tarehe 25 na 26 Desemba pamoja na Mwaka Mpya, na Madaraka, Mashujaa na Jamhuri zikiangukia karibu na Jumamosi. Sikukuu ikiangukia Jumapili, Jumatatu yake huwa mapumziko. Kwa anayefanya kazi hospitalini, hotelini au langoni, hesabu hii haifai kitu, maana sikukuu za watu ndizo siku zake za zamu. Huyo nyumba yake isherehekee Krismasi tarehe atakayokuja, na mtu asimnunie.

Pasaka ina faida nyingine kwa familia za wakulima. Mvua za masika zimeanza au ziko njiani, na mke yuko shambani na jembe. Mume akija wakati huo, nauli haijapanda kama ya Desemba, wageni si wengi, na anaongeza mikono miwili pahali panapohitaji mikono. Utaniambia kulima si kupumzika. Kweli. Lakini waulize wake kama wangependa mume wa Desemba mwenye mkate na soda au mume wa Aprili mwenye jembe. Nimewauliza. Walijibu haraka kuliko nilivyotegemea.

Hapa nimefika pahali ninapotaka kusema waziwazi. Mke wa mashambani, au yule anayeuza mboga kibandani mjini, hana mwajiri, hana fomu, hana siku 21. Hakuna kifungu cha sheria kinachompa siku hata moja. Likizo yake yaweza kutoka pahali pamoja tu, ndani ya likizo ya mumewe. Kwa hiyo nawaambia waume: toeni siku tatu. Katika siku hizo mke aende kwao akamwone mama yake, au alale, au akae tu bila kuulizwa chumvi iko wapi. Wewe baki na watoto, ukame ng'ombe, uteke maji, uwapikie ugali. Hawatakufa. Ugali ukiwa mbichi watakwambia.

Najua kinachokuzuia. Katika jamii zetu nyingi mwanamume akionekana jikoni kwa mkewe, maneno huvuka mto kabla ya moshi. Na mama yako anaishi mita 50 kutoka hapo. Atasema mke amekulisha kitu. Basi usimwachie mkeo kazi ya kueleza, maana kila atakachosema kitageuka kosa lake. Nenda wewe kwa mama yako jioni kabla mke hajasafiri, kaa naye, mwambie: Mama, mimi ndiye niliyemtuma aende kwao. Akinung'unika, mwache anung'unike. Mwulize pia kama yeye, miaka ile aliyokuwa anakulea, aliwahi kupumzika siku tatu. Usiulize kwa kumshinda. Uliza kwa kutaka kujua, na jibu lake ulisikilize mpaka mwisho.

Juu ya kwenda matembezi sitasema mengi. Siku hizi wanandoa huniuliza kama ni anasa kwenda Mombasa siku mbili tatu, hasa tangu treni ile mpya ilipoanza mwaka 2017. Kama pesa zipo na wote wanataka, nendeni, bahari ni ya Mungu. Kama ni ya mkopo ili picha zionekane na watu, kaeni nyumbani. Na simu ya kazini muifanyie mpango. Msimamizi akizoea kukupigia kila asubuhi ukiwa likizo, mwambie kwa adabu ni nani anashika kazi yako. Ziko nyumba ambazo mume alikuja mwili, sauti ikabaki Nairobi.

Wengine wameniuliza kuhusu likizo ya uzazi. Mama hupewa miezi mitatu kwa mshahara kamili na baba majuma mawili, na sheria yasema mama hapotezi likizo yake ya mwaka kwa kuwa alijifungua. Asikubali kuambiwa vingine. Na yale majuma mawili ya baba yalitolewa kwa sababu kuna mtoto mchanga na mama ambaye halali usiku. Si wakati wa kwenda kuchimba kisima kwa shemeji.

La mwisho ni kwenu nyinyi wawili mlioajiriwa mjini. Nyumbani kwenu kuna mtu wa tatu, yule msichana anayebaki na mtoto mkiwa kazini. Sheria hiyo hiyo ya mwaka 2007 yamhusu na yeye, kwa siku zile zile 21. Nyumba nyingi humpeleka kituo cha basi tarehe 24 Desemba, humwita arudi tarehe 2 Januari, na huiita hiyo likizo ya mwaka. Toa Krismasi, toa tarehe 26, toa Mwaka Mpya, toa Jumapili, kisha uone amebakiwa na siku ngapi za kazi. Hizo zinazokosekana ndizo mlizokuwa mkipumzikia nyinyi. Pengine naye ana mtoto kwa mama yake huko kwao, na mtoto huyo anamhesabia siku. Mwulizeni kabla hamjajaza fomu zenu, angependa kwenda lini.